Kilichofundishwa Jana: Hoja ya Kurejea Miongozo ya Wahudumu wa Gari la Wagonjwa

Mtoto analetwa akiwa na homa kali. Mikono na miguu imepoa, mapigo ya moyo yanakwenda mbio lakini kwenye kifundo cha mkono hayasikiki vizuri. Kwa miongo kadhaa, waliosomea huduma za dharura walifundishwa jibu moja: tafuta mshipa, tundika dripu, maji yaingie upesi. Jibu hilo lilionekana dhahiri mno hata kulihoji kukafanana na ukosefu wa elimu.

Lilihojiwa hapa hapa Afrika Mashariki. Kuanzia Januari 2009 hadi Januari 2011, utafiti uliopewa jina la FEAST, ukiongozwa na Kathryn Maitland kutoka kituo cha utafiti cha Kilifi, uliandikisha watoto 3,141 katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania, zikiwamo za Mbale, Soroti na Teule ya Muheza. Wote walikuwa na homa na dalili za damu kutofika vyema mwilini, na zaidi ya nusu walikuwa na malaria. Kundi moja lilipewa maji ya chumvi kwa haraka, la pili albumini kwa haraka, na la tatu lilipewa maji ya kawaida tu, polepole, pamoja na dawa na damu kama wenzao. Kamati ya usalama ilishauri utafiti usimamishwe kabla ya kufikia idadi iliyokusudiwa. Ndani ya saa 48, watoto waliofariki katika kundi la polepole walikuwa asilimia 7.3. Katika yale makundi mawili ya haraka, vifo vilikaribia asilimia 10.6.

Takwimu hizo zina maana nzito. Waliokuwa wakifungulia dripu kwa kasi hawakuwa wazembe. Walikuwa wanafunzi wazuri, waliokumbuka walichofundishwa na kukitenda sawasawa. Kosa lilikuwa ndani ya mwongozo wenyewe, na mhudumu mwenye kumbukumbu kali kuliko wote ndiye aliyelitekeleza kwa ukamilifu zaidi.

Hapa ndipo dhana iliyozoeleka ya mafunzo rejea inapoyumba. Kwa kawaida mafunzo hayo hupangwa kana kwamba adui ni usahaulifu: wahudumu waitwe, wakumbushwe, wapewe cheti, warudi kazini. Usahaulifu upo kweli. Inajulikana kuwa stadi ya kukandamiza kifua huanza kufifia miezi michache tu baada ya mafunzo, kwa hiyo cheti cha miaka miwili ni ahadi ambayo mikono haiwezi kuitimiza. Lakini kuna adui wa pili asiyetajwa sana, naye ni lile somo linalokumbukwa vizuri ilhali limekwisha kupitwa.

Mifano haikomei kwenye dripu. Oksijeni ilikuwa zawadi ya kwanza ya kila mgonjwa wa moyo aliyepandishwa garini, hata kama kiwango chake cha oksijeni mwilini kilikuwa kizuri. Mwaka 2017, utafiti wa Sweden uliohusisha wagonjwa 6,629 wenye kiwango cha asilimia 90 au zaidi ulionesha kuwa haikuwaongezea uhai. Kwa nchi ambayo mtungi mmoja wa oksijeni husafirishwa mwendo mrefu ili ujazwe tena, hiyo ni habari ya akiba pamoja na tiba. Kukaza kamba juu ya jeraha linalomwaga damu, jambo ambalo walimu wa huduma ya kwanza walilikanya kwa muda mrefu, kulirudishiwa heshima yake na vita vya Iraq na Afghanistan. Nao mpangilio wa kumfufua mtu mzima ambaye moyo umesimama ulibadilika mwaka 2010: kifua kwanza, pumzi baadaye. Leo hukandamizwa mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha sentimita tano hadi sita.

Wapo watakaopinga. Watasema mwongozo unaobadilika kila mara humchanganya mhudumu, na mhudumu anayesita barabarani usiku ni hatari kuliko anayefuata kanuni ya zamani bila kusita. Pingamizi hili lina uzito, na halijibiwi kwa kumrundikia mhudumu makala za majarida. Linajibiwa kwa kumweleza sababu ya badiliko na mipaka yake. FEAST, kwa mfano, haikuwahusisha watoto wanaoharisha sana. Hao bado wanahitaji maji, tena mapema. Anayesikia nusu ya habari, kwamba "dripu ni mbaya", atamwacha mtoto wa kipindupindu akauke. Shirika la Afya Duniani lenyewe lilirekebisha mwongozo wake kuhusu suala hili mwaka 2016, miaka mitano baada ya matokeo kuchapishwa: mtoto asiye na dalili zote tatu za mshtuko, yaani viungo vya baridi, mapigo dhaifu ya haraka na damu kuchelewa kurudi kwenye ukucha kwa zaidi ya sekunde tatu, asimiminiwe maji kwa kasi. Ikiwa shirika hilo lilichukua miaka mitano, ni busara kuuliza habari hiyo ilimfikia lini muuguzi anayesindikiza mgonjwa kutoka zahanati ya kijijini.

Tena muuguzi huyo hayuko peke yake garini. Yuko na dereva, na mara nyingi dereva ndiye asiyebadilika, wauguzi hupokezana. Katika mpango wa m-mama nchini Tanzania, simu ya 115 inaweza kumfikisha mjamzito au mtoto mchanga hospitalini kwa gari la dereva wa kijamii pale ambapo gari la wagonjwa halipatikani. Mafunzo rejea yanayomwacha dereva nje yamefundisha nusu ya timu. Kozi ya msingi ya huduma za dharura iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu mwaka 2018 ilijaribiwa Tanzania, Uganda na Zambia, na ina mpangilio unaoweza kusemwa kwa Kiswahili safi: njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu, ufahamu, kisha mfunue mgonjwa umkague. Dereva anaweza kuuelewa. Uandikwe hivyo na ubandikwe ndani ya gari.

Yapo maarifa yanayomtegemea dereva hasa. Utafiti wa CRASH-2 wa mwaka 2010, wenye majeruhi 20,211 katika nchi 40, ulionesha kuwa asidi ya traneksamiki, dawa ya bei nafuu ya kuzuia damu kuvuja, hupunguza vifo. Uchambuzi wa mwaka uliofuata ukaonya: ikitolewa ndani ya saa tatu tangu ajali, inaokoa, baada ya hapo, inaweza kuongeza vifo vya kuvuja damu. Daktari anayempokea majeruhi hawezi kuamua bila kujua ajali ilitokea saa ngapi, na swali hilo huulizwa kando ya barabara, mashuhuda wakiwa bado wapo. Fomu ya rufaa isiyo na nafasi ya kuandika saa hiyo ichapishwe upya.