Majira: Neno la Baharini Linalofaa Mlimani

Ben Nevis, mlima wa Uskoti wenye urefu wa mita 1,345, ndio mrefu kuliko yote nchini Uingereza. Ukungu unapotanda kileleni, wapandaji hushuka kwa kufuata namba mbili. Kutoka kwenye nguzo ya wapima ardhi hutembea mita 150 wakishika nyuzi 231, kisha hugeuka na kushika nyuzi 282 kwa mita 900 hivi, mpaka waumalize uwanda wa juu na kuifikia sehemu salama ya njia. Upande wa kaskazini genge la Gardyloo Gully limeukata uwanda huo. Upande wa kusini-magharibi kuna korongo la Five Finger Gully, ambako watu wamepoteza maisha. Anayezishika namba zile sawasawa hupita katikati ya hatari zote mbili bila hata kuziona.

Namba ya namna hiyo Waingereza huiita bearing. Je, sisi tuiiteje?

Swali hili lilinibana siku nilipokuwa na vijana kumi kwenye miteremko ya Uluguru, juu ya mji wa Morogoro, nikiwafundisha kutumia ramani na dira. Niliwaonyesha mwamba ng'ambo ya bonde nikawaambia, “Shikeni mwelekeo wa ule mwamba.” Haukupita muda wingu likashuka, mwamba ukapotea. Nilipowauliza mwelekeo wetu ni upi, mikono kumi ilinyooka, na hakuna miwili iliyolingana. Kosa halikuwa lao. Neno nililowapa halikuwa na namba ndani yake.

Mwelekeo ni kule uso unakotazama. Tunasema mwelekeo wa upepo, mwelekeo wa uchumi, mwelekeo wa mazungumzo, na hakuna anayedai nyuzi. Neno upande ni pana zaidi: upande wa mashariki unaweza kuwa robo nzima ya upeo wa macho. Lakini kitu tunachokitafutia jina ni chembamba kama uzi. Ni pembe inayohesabiwa kuanzia kaskazini, kwa kufuata mwendo wa akrabu za saa, kutoka nyuzi 0 hadi 360. Mashariki ni 90, kusini ni 180, magharibi ni 270. Ukikosea kwa nyuzi 5 tu, baada ya kutembea kilomita moja utakuwa umepotoka kwa karibu mita 87. Penye genge, hizo ni nyingi mno.

Wapo wanaosema beringi, lakini neno hilo lina mwenyewe: fundi gari, anayebadilisha beringi za magurudumu. Wapo watakaopendekeza azimuti. Hilo ni neno la kitaalamu lenye asili ya Kiarabu, lililoingia Ulaya pamoja na elimu ya nyota, na wapima ardhi wana haki ya kulitumia. Kwa kijana anayeshika dira kwa mara ya kwanza, hata hivyo, halina cha kumkumbusha. Pembe ya dira ni maelezo mazuri, ila yanataja kinachoonekana kwenye sahani ya dira na kumwacha nje mtu anayetembea.

Jina ninalolitetea tunalo tayari. Ni majira.

Wengi wetu tunalijua majira kuwa ni wakati: majira ya masika, majira ya saa tatu asubuhi. Lakini kamusi zetu zimelihifadhia maana nyingine, ya mabaharia: njia ambayo chombo huishika kinapokata maji. Nahodha hushika majira, hubadili majira, na akiyapoteza chombo huenda mrama. Asili yake ni neno la Kiarabu majra, lenye mzizi wa kwenda mbio na kutiririka. Mabaharia wa Bahari ya Hindi walikuwa na hesabu kamili ya mambo haya. Ahmad ibn Majid, mwanamaji wa karne ya 15 kutoka Julfar, katika Ras al-Khaimah ya leo, aliandika kuhusu duara la dira lililogawanywa sehemu 32, zilizotajwa kwa nyota na mahali zinapochomoza na kuzama. Kila sehemu ni sawa na nyuzi 11 na robo. Kwa hiyo neno hili lilishawahi kubeba kipimo, na kulipa nyuzi 360 ni kulinoa tu.

Najua pingamizi lake: wakati na njia vitachanganyikana. Lakini dira yenyewe imekwenda mjini ikawa Dira ya Taifa ya Maendeleo, na hakuna mpanda mlima aliyedhani sindano yake ni sera. Muktadha hutenganisha. Ukisema majira ya vuli, tunasubiri mvua. Ukisema majira ni nyuzi 282, tunafunga kamba za viatu.

Kilichonishawishi zaidi ni kwamba neno hili linazaa. Weka ukingo wa dira kwenye ramani, kutoka ulipo hadi uendako. Zungusha duara mpaka mistari yake iende sambamba na mistari ya gridi, na alama ya kaskazini ielekee juu ya ramani. Namba unayoisoma ni majira ya ramani. Lakini sindano huvutwa na sumaku ya dunia, na kaskazini yake hailingani daima na ile ya ramani. Tofauti hiyo hubadilika kutoka mahali hadi mahali na mwaka hadi mwaka, nayo huandikwa pembeni mwa ramani. Ukishaijumlisha au kuitoa, umepata majira ya sumaku. Weka namba hiyo kwenye duara, shika dira mbele ya kifua, geuka mwili mzima mpaka sindano iingie ndani ya mshale uliochorwa kwenye duara, chagua jiwe au mti ulio mbele yako pale dira inapoelekea, uufuate. Hapo unashika majira. Ukilenga kilele unachokiona ili ujue namba yake, unapima majira. Na ukitaka kurudi ulikotoka, ongeza au punguza 180, upate majira ya kurudia.

Mwelekeo haukubali kuzaa hivyo. Jaribu kusema “mwelekeo wa ramani” na “mwelekeo wa sumaku” mbele ya wanafunzi, uone watakavyokodoa macho.

Nilirudi Uluguru na vijana walewale. Safari hii nilianza na jina: majira ni pembe ya njia yako, kutoka kaskazini, kwa mwendo wa saa. Kisha nikawaambia, “Majira nyuzi 140. Shikeni.” Waligeuka polepole, macho kwenye sindano, mpaka wote wakawa wametazama bega moja la mlima. Tulitembea tukihesabu hatua. Wingu lilipoanza kushuka, nikasimama kuwapa amri ya kurudi. Sikuwahi kuitoa. Msichana aliyekuwa nyuma alikuwa amekwisha kuzungusha duara lake na kuwaambia wenzake, “Majira ya kurudia, 320.”