Miezi Tisa ya Vita: Chanjo na Umri Katika Fizi

Wengi wetu tuliozaliwa Fizi, Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo, kabla ya 1980 tuna kovu la chanjo ya ndui kwenye mkono, bapa, lenye vishimo. Mgonjwa wa mwisho wa ndui nchini alionekana 1971, na ilipotangazwa 1980 kuwa dunia imeushinda ugonjwa huo, chanjo ile ikaachwa. Wadogo zetu wana kovu dogo la BCG, ya kifua kikuu. Wao ni watoto wa PEV, mpango wa chanjo ulioanza 1978 ukilenga pia surua, polio, pepopunda, kifaduro na dondakoo.

Kisha ikaja vita ya 1996, na ya pili 1998. Mimi ni muuguzi wa Baraka, mji wa huku Fizi, na hapo ndipo rejista zangu zinapochanika. Chanjo ya surua mtoto huipata akitimiza miezi 9, nayo lazima ikae kwenye baridi njia nzima, kuanzia friji hadi kisanduku cha barafu anachobeba mchanjaji. Friji ikiporwa, hakuna cha kubeba.

Waliokimbilia milimani, upande wa Itombwe, walikaa bila sindano. Waliovuka Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, Tanzania, walichanjiwa kambini, Lugufu na Nyarugusu. Shirika la wakimbizi la UNHCR lilipoanza kuwarudisha kwa meli mwaka 2005, mama mmoja alinifungulia nailoni: kadi ya Lugufu, imejaa mihuri. Ilikuwa ya mtoto wake wa pili. Wa kwanza, aliyezaliwa porini, hakuwa hata na karatasi. Tumbo moja, nyumba moja, kinga tofauti kabisa.

Kwa hiyo surua ikiingia kwetu haiishii kwa wachanga. Nimewauguza vijana wenye ndevu, macho mekundu, wameshindwa kula. Mlipuko wa 2019 uliua zaidi ya watu 6,000 Kongo nzima.

Umri unagawa kinga hata kwa ugonjwa mwingine: mwaka 2023 ndui ya nyani, mpox, ililipuka Kamituga, mkoa wetu huu huu. Utafiti wa miaka ya 1980 hapa nchini ulikadiria kwamba chanjo ya ndui ilikinga dhidi yake kwa asilimia 85 hivi. Kovu la wazee linawafaa bado kwa kiasi. Vijana hawana hata hilo.

Kampeni nyingi huishia kwa watoto wa chini ya miaka 5. Kwa Fizi hiyo haitoshi, nami naomba rejista ziongezewe safu moja: mtoto alikuwa wapi alipotimiza miezi 9.