Mguu wa Bandia na Sitara ya Mtu

Anayetaka kuandika tarikhi ya viungo bandia mjini Kigali hana budi kwanza autoke mji huo, ashike njia ya kusini hata Gatagara, karibu na Nyanza, ambako padri wa Kibelgiji Joseph Fraipont, aliyechukua uraia wa Rwanda na jina la Ndagijimana, alifungua mwaka 1960 makao ya watoto walemavu, akawapa magongo na, jambo ambalo wasimulizi aghalabu hulisahau, akawapa shule.

Kigali ililazimishwa na msiba kuushika ufundi wa viungo bandia. Mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 yaliwaacha wengi wakiwa hai lakini wamekatwa kwa mapanga, na mabomu ya ardhini yakaendelea kuwapo hata Rwanda ilipotangazwa kuwa imeyaondoa, mwaka 2009. Katika hali hiyo Emmanuel Gatera Rudasingwa, mwenyewe mlemavu wa mguu, na mkewe Mami, Mjapani aliyejifunza ufundi huo kwao, walianzisha mwaka 1997 karakana ya Mulindi Japan One Love, wakigawa miguu pasipo kudai malipo.

Magazeti yalipenda zaidi habari za michezo, wala si ajabu, maana mwaka 2004 huko Athens Jean de Dieu Nkundabera aliipatia Rwanda nishani ya shaba ya mita 800, nishani yake ya kwanza katika Paralimpiki. Lakini mguu wa bandia, hata uwe umechongwa kwa ustadi wa namna gani, haumfundishi mwenyewe kuchuchumaa katika choo cha shimo, wala kushuka mteremko wa Nyamirambo, mtaa wa Kigali, siku ya mvua na dumu la maji mkononi. Hiyo ndiyo kazi ya mtaalamu wa tiba kwa vitendo: hukigawa kitendo hatua kwa hatua, akaitafuta ile inayomshinda mgonjwa, akamzoeza, na mwili ukikataa katakata, hukibadili chombo, akaunenepesha mpini wa kijiko kwa kitambaa, au akaweka juu ya shimo kiti chenye tundu, ili mtu mzima asilazimike kumwita mwanawe kwa haja inayotaka sitara.

Wataalamu hao walichelewa. Taasisi ya Afya ya Kigali, iliyoundwa mwaka 1996, ilitangulia kusomesha fiziotherapia, na somo la tiba kwa vitendo likafuata baadaye. Katika muda huo mwalimu wa kuoga na kuvaa alikuwa mama au dada wa majeruhi, na mtaalamu mwenye busara hata leo huanza kwa kumwuliza yeye.