Rangi inayong'aa ndani ya seli: Kwa nini haiaminiki kirahisi

Kila seli ya mwili wako inatengeneza molekuli kali za oksijeni, kwa kifupi ROS. Mojawapo ni haidrojeni peroksaidi, ile ile inayouzwa famasi kusafishia vidonda. Zikiwa kidogo zina kazi: zinapeleka ujumbe ndani ya seli, na seli nyeupe za damu zinazitumia kuua bakteria. Zikizidi, zinaharibu DNA.

Hazionekani kwa hadubini, na nyingine hazimalizi hata sekunde. Ndiyo maana maabara hutumia rangi zinazong'aa.

Maarufu zaidi ni DCFH-DA. Inaingia kwenye seli ikiwa haing'ai, vimeng'enya vinaikata kipande ili isitoke haraka, kisha ikishambuliwa na ROS inageuka kuwa DCF. Ukiimulika kwa mwanga wa bluu, inang'aa kijani. Ni rahisi kutumia, na hapo ndipo watu wananasa.

Ishu ni kwamba rangi hii haipatani moja kwa moja na haidrojeni peroksaidi. Inahitaji msaidizi, kama madini ya chuma. Chuma kikiongezeka ndani ya seli, kijani kinaongezeka hata kama peroksaidi ni ile ile. Mbaya zaidi, rangi yenyewe ikianza kubadilika inaweza kuzalisha peroksaidi, na hata taa ya hadubini inaweza kuiwasha. Yaani kipimo kinatengeneza kile kinachopimwa!

Hili si la maabara tu. Ukisoma kwamba dawa au mmea fulani "unapunguza ROS", huenda ushahidi ni kijani kilichofifia. Lakini kemikali ya mmea inaweza kuzima mwanga huo bila kugusa ROS.

Mwaka 2022, kundi la wataalamu akiwemo Michael Murphy wa Cambridge lilichapisha mwongozo kwenye jarida la Nature Metabolism: taja molekuli unayopima, usiseme "ROS" kwa jumla.

Mbadala upo. HyPer, iliyotangazwa 2006 na watafiti wa Moscow, ni protini ambayo seli inajitengenezea baada ya kupewa jeni lake. Sehemu yake moja imetoka kwa bakteria E. koli na inatambua peroksaidi yenyewe. Nayo ina udhaifu: asidi ikibadilika, mwanga unayumba. Kwa hiyo watafiti makini huweka pembeni seli zenye pacha wake, SypHer, isiyotambua peroksaidi. Pacha naye akiyumba, matokeo yanatiliwa shaka.