Waaborijini wa Australia: Jamii iliyolazimika kupigania haki ya kukutana

TAREHE 26 Januari kila mwaka, taifa la Australia huwa na sura mbili. Kwa raia wengi ni sikukuu ya kitaifa; siku ya fataki, nyama choma na mapumziko ya ufuoni. Kwa wenyeji asilia wengi ni siku ya matanga. Katika tarehe hiyo, mwaka 1788, Kapteni Arthur Phillip alipandisha bendera ya Uingereza mahali panapoitwa Sydney leo na kuanzisha koloni la wafungwa.

Jinsi wenyeji hao walivyokuwa wakikutana kabla ya siku hiyo, jinsi walivyozuiwa kukutana baadaye na jinsi walivyoirejesha haki hiyo, ni historia inayostahili kufahamika hata huku kwetu.

NI AKINA NANI?

Jina Waaborijini lilitoka kwa wageni. Asili yake ni Kilatini, na maana yake ni watu waliokuwapo tangu mwanzo. Wenyewe hupendelea kutajwa kwa mataifa yao, kama vile Wagurindji, Wayolngu, Wawiradjuri au Wanoongar. Wakazi wa visiwa vya Torres Strait, kaskazini mwa Queensland, pia ni wenyeji asilia, lakini ni watu mbali wenye mila zao.

Wanaakiolojia wanakubaliana kwamba watu hawa wameishi Australia kwa zaidi ya miaka 50,000, na uchimbuzi katika pango la Madjedbebe, kaskazini mwa nchi, umewafanya baadhi ya wataalamu kutaja miaka 65,000. Wazungu walipofika, lugha zilizozungumzwa zilizidi 250. Katika sensa ya mwaka 2021, zaidi ya watu 812,000 walijitambulisha kuwa wenyeji asilia, yaani asilimia 3.2 ya waliohesabiwa.

UKOO NA ARDHI

Waaborijini wa kale hawakuwa na wafalme. Waliishi katika makundi madogo ya jamaa, na mambo mazito yaliamuliwa na wazee, wanaume kwa wanawake, kila upande ukiwa na miiko na sherehe zake. Ardhi haikuwa mali ya kuuzwa. Mtu alizaliwa na wajibu juu ya mlima, kisima au mto fulani, na wajibu huo ulihifadhiwa katika nyimbo, michoro na ngoma.

Utaratibu wao wa ujamaa hautamshangaza msomaji wa Kiafrika. Katika jamii nyingi za huko, ndugu wa kiume wa baba huitwa baba, na dada wa mama huitwa mama. Mwanamume hatakiwi kuzoeana na mama mkwe wake, na pengine hata kusemezana naye ana kwa ana haifai. Mtu akifariki, jina lake huacha kutajwa kwa muda, miezi au hata miaka. Ndiyo maana magazeti na vituo vya televisheni vya Australia hutoa ilani kabla ya kuonyesha picha au kutaja majina ya marehemu wa jamii hizo.

MIKUTANO YA KALE

Makundi hayo madogo yalikutana kwa wingi pale chakula kilipokuwa tele. Katika milima ya Bunya, Queensland, mti uitwao bunya huzaa kwa wingi takriban kila baada ya miaka mitatu. Msimu huo ulipowadia, wenyeji wa milima hiyo waliwaalika majirani wa karibu na wa mbali kuja kula kokwa zake. Katika milima ya kusini mashariki, watu walipanda vileleni wakati wa kiangazi kula nondo wa bogong, ambao hujificha kwa maelfu kwenye nyufa za miamba. Huko Budj Bim, jimboni Victoria, Wagunditjmara walichimba mifereji na kujenga mitego ya mawe ya kufugia na kunasia mikunga. Kazi hiyo ina umri wa angalau miaka 6,600, na mwaka 2019 Unesco iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia.

Mialiko ilipelekwa na wajumbe waliobeba vijiti vilivyochongwa alama, na mwenye kijiti aliruhusiwa kupita katika nchi za wengine kwa salama. Mgeni hakuingia kambini kiholela. Alikaa pembeni akionekana, akangoja mpaka wenyeji wamkaribishe.

Kula kulikuwa sehemu tu ya shughuli. Hapo ndipo ndoa zilipopangwa, vijana walipotiwa jandoni, magomvi yalipoamuliwa na bidhaa kama ngeu na mawe ya shoka zilipobadilishwa. Usiku zilichezwa ngoma. Wazungu waliziita zote kwa neno moja, corroboree, walilolitoa katika lugha ya wenyeji wa Sydney.

MIKUTANO YAPIGWA MARUFUKU

Ndui ilizuka Sydney mwaka 1789 na kuwaua wenyeji wengi. Mauaji na unyakuzi wa ardhi vikafuata kadiri walowezi walivyosonga bara na kondoo wao. Waliosalia walihamishiwa katika hifadhi za serikali na vituo vya wamishonari.

Sheria ya Queensland ya mwaka 1897 iliwapa maafisa mamlaka ya kuwahamisha Waaborijini watakako, na iliruhusu kanuni za kupiga marufuku mila na sherehe ambazo wakuu waliziona kuwa na madhara. Majimbo mengine yalikuwa na sheria za aina hiyo. Watoto, hasa wenye asili mchanganyiko, walipokonywa wazazi wao na kulelewa katika taasisi au na familia za Wazungu. Hao ndio wanaoitwa Kizazi Kilichoibwa. Msomaji anayekumbuka simulizi za kipande na hifadhi za Waafrika katika Kenya ya kikoloni atatambua mkono wa dola moja.

BARAZA LA MWAKA 1938

Australia ilipokuwa ikisherehekea miaka 150 ya ukoloni, tarehe 26 Januari 1938, Waaborijini wapatao 100 walikutana katika Australian Hall, mjini Sydney. Miongoni mwa waandalizi walikuwa Jack Patten, William Ferguson na William Cooper. Waliiita Siku ya Maombolezo, na wakadai uraia kamili na usawa. Ulikuwa ujasiri mkubwa, kwa sababu walioishi katika hifadhi waliweza kuadhibiwa kwa kuhudhuria.

Mwezi Agosti 1966 Wagurindji waliokuwa wafanyakazi katika shamba la ng'ombe la Wave Hill waligoma na kuondoka wakiongozwa na Vincent Lingiari. Walianza na suala la ujira, wakaishia kudai ardhi ya mababu. Mwaka uliofuata, tarehe 27 Mei 1967, zaidi ya asilimia 90 ya wapigakura waliunga mkono kubadilishwa kwa katiba ili Waaborijini wahesabiwe kikamilifu na serikali kuu iweze kutunga sheria juu yao. Mwaka 1975 Waziri Mkuu Gough Whitlam alimwagia Lingiari udongo kiganjani, ishara ya kurejeshewa sehemu ya nchi yake.

UBALOZI WA HEMA

Januari 1972 Waziri Mkuu William McMahon alikataa kutambua haki ya wenyeji juu ya ardhi yao. Usiku wa kuamkia tarehe 26, vijana wanne walitoka Sydney, wakasimika mwavuli wa ufuoni mbele ya Bunge jijini Canberra na kuutangaza kuwa ubalozi, kwa hoja kwamba wamefanywa wageni katika nchi yao wenyewe. Mwavuli ukawa mahema, na watu wakamiminika. Polisi waliyabomoa mwezi Julai mwaka huo, lakini yalirudi. Tangu mwaka 1992 ubalozi huo umekuwapo mahali hapo moja kwa moja.

Mwaka huo huo wa 1992, katika kesi ya Eddie Mabo wa visiwa vya Torres Strait, Mahakama Kuu ilifuta nadharia kwamba Australia ilikuwa nchi isiyo na wenyewe. Tarehe 28 Mei 2000 watu wapatao 250,000, weusi kwa weupe, walivuka kwa miguu daraja kuu la Sydney kuunga mkono maridhiano. Tarehe 13 Februari 2008 Waziri Mkuu Kevin Rudd aliomba radhi bungeni kwa niaba ya taifa kwa Kizazi Kilichoibwa.

MIKUSANYIKO YA LEO

Desturi ya mgeni kungoja kukaribishwa imerudi kwa sura mpya. Mwaka 1976, mjini Perth, Richard Walley na Ernie Dingo waliwakaribisha rasmi wasanii waliotoka New Zealand na visiwa vya Pasifiki. Leo karibisho la aina hiyo hufungua mikutano mingi ya hadhara, michezo na mahafali, na tangu 2008 hufungua Bunge pia. Mkenya aendaye huko kusoma au kufanya kazi ataliona mara kwa mara; adabu ni kutulia na kumsikiliza mzee anayezungumza.

Kila mwezi Julai kuna wiki ya utamaduni iitwayo NAIDOC. Wayolngu nao huandaa tamasha la Garma katika eneo la Arnhem tangu mwaka 1999, ambako ngoma huchezwa jioni na viongozi wa kitaifa huhojiwa mchana.

KURA YA MWAKA 2023

Mwezi Mei 2017 wajumbe wapatao 250 walikutana karibu na mwamba mtakatifu wa Uluru na kuomba chombo cha kuwashauri wabunge kiingizwe katika katiba. Ombi hilo lilipelekwa kwa wananchi tarehe 14 Oktoba 2023. Takriban asilimia 60 walilikataa, na halikupita katika jimbo hata moja. Hata hivyo, mwaka 2025 bunge la Victoria lilipitisha sheria ya mkataba na wenyeji wa jimbo hilo, ya kwanza ya aina yake nchini humo.

Umoja wa Mataifa ulipopigia kura Azimio la Haki za Watu wa Asili mwaka 2007, Australia ilipinga, na Kenya haikuunga mkono wala kupinga. Australia ilibadili msimamo mwaka 2009. Kwa Waogiek na Waendorois, ambao kesi zao za ardhi zimefika mbele ya vyombo vya Afrika, safari ya Waaborijini si habari ya mbali.