MAJI YA MTOTO, SEHEMU YA 4: Chujio la Gongali

Mama zangu wa Masukulu, ndaga kwa maswali. Wengi mmeuliza: maji nikishayachemsha, si inatosha? Kwa vijidudu, ndiyo. Kwa floraidi, hapana. Maji yakipungua sufuriani yenyewe inabaki, tena inazidi ukali.

Ndiyo maana Arusha na Kilimanjaro watoto wengi wameota meno ya kahawia, wengine hadi mifupa ikapinda. Na mama zao walichemsha vizuri tu!

Dk. Askwar Hilonga anatoka Gongali, Karatu. Alisomea teknolojia ya nano Korea Kusini, akarudi kufundisha Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha. Alianza na kitu cha zamani, mchanga. Mji wa Paisley, Scotland, ulichuja maji hivyo tangu 1804. Yeye akaongeza chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Mchanga unazuia uchafu na vijidudu, chembe zinanasa floraidi na metali nzito. Ninachokipenda zaidi: chujio linapangwa kufuatana na maji ya mahali husika. Mwaka 2015 lilimpatia Tuzo ya Afrika ya Uhandisi kutoka Uingereza, pauni 25,000.

Sasa sisi. Rungwe nayo ni ardhi ya volkano, na floraidi haina rangi wala harufu. Kikichimbwa kisima kipya, ulizeni kwenye mkutano wa kijiji: floraidi imepimwa? Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha msiache, kuhara bado kupo.

Sehemu ya 5: ndoo na kata.