Uhariri wa Jeni, Si Urekebishaji

Mgonjwa wa kalaazar anayetibiwa Lodwar au Kakuma huchomwa sindano za dawa mbili kila siku kwa siku 17, kwa mpango ambao Shirika la Afya Duniani liliupendekeza mwaka 2010 kwa Afrika Mashariki. Moja ya dawa hizo mbili, paromomisini, ni zao la Streptomyces, bakteria wa udongoni. Azithromisini, inayogawiwa Turkana dhidi ya vikope, nayo hutokana na erithromisini, zao la bakteria mwingine wa udongo. Na bakteria hawa wana mengi wasiyoyatoa: jenomu ya Streptomyces coelicolor ilipochapishwa mwaka 2002, zilionekana seti zaidi ya 20 za jeni za kutengenezea kemikali za namna hii, nyingi zikiwa kimya maabarani. Njia mojawapo ya kuziamsha ni zana kama CRISPR, ambapo kipande cha RNA hukiongoza kimeng'enya Cas9 hadi mahali maalumu kwenye DNA, kikapakata, kisha seli ikapaunga kwa kufuata kielelezo ilichopewa.

Kazi hiyo wengine huiita urekebishaji wa jeni. Nalikataa jina hilo, kwa kuwa kinachorekebishwa sharti kiwe na kasoro. Mwaka 1970 bakteria wa Actinoplanes walipatikana katika udongo wa shamba la kahawa Ruiru. Ndio wanaotoa akarbosi, dawa ya kisukari inayouzwa na Bayer. Mwaka 2016 watafiti wa Ujerumani walitumia CRISPR kufuta jeni inayowapa wazawa wa bakteria hao rangi nyeusi. Jeni ile haikuwa na kosa lolote. Iliwasumbua watu tu. Mhariri naye hukata hata sentensi nzima iliyo sahihi, kwa haja ya gazeti.

Atakayesema uhandisi jeni unatosha akumbuke kwamba hilo ni jina pana, linalojumuisha hata kupachika jeni za kiumbe kingine. Kenya yenyewe ilitoa mwongozo wa pekee wa uhariri wa jenomu mwaka 2022. Hoja kwamba uhariri ni neno la upole linaloficha hatari ina uzito zaidi, maana Cas9 huweza kukata pasipokusudiwa, na huwaua baadhi ya Streptomyces. Lakini uhariri hauahidi usahihi. Urekebishaji ndio unaouahidi. Basi sampuli ya udongo wa Turkana ikiombwa kwa utafiti wa aina hii, wenyeji waelezwe kwa neno uhariri, na waelezwe nani atafaidika, kabla ya kutia sahihi.